Msimu wa pili wa Andor: Dola imepewa muda, waasi wamenyimwa

Onyo la mapema: humu nataja wanaokufa, waliowaua na sababu zake. Ambaye hajafika sehemu ya 12 ajiamulie mwenyewe.

Msimu wa pili wa Andor, mfululizo wa Star Wars unaomfuata mwasi Cassian Andor akipambana na Dola, ulitoka Disney+ kuanzia Aprili 22 hadi Mei 13, 2025, sehemu tatu kila wiki, jumla 12. Kila tatu zinachukua siku chache tu za mwaka mmoja, kisha pazia linashuka, na likipanda tena mwaka umekwisha pita. Hesabu ni ya miaka kabla ya Vita vya Yavin, yaani siku ile Death Star, silaha ya Dola ya kuangamiza sayari, inapolipuliwa mwishoni mwa filamu ya kwanza ya 1977. Tunaanza mwaka wa nne kabla ya vita hivyo, tunapita wa tatu na wa pili, tunaishia wa kwanza, mlangoni kabisa mwa filamu ya Rogue One. Msimu wa kwanza, ule wa 2022, ulitumia sehemu 12 nzima kwa mwaka wa tano peke yake. Mpango wa awali ulikuwa misimu mitano, kila mmoja mwaka wake. Tony Gilroy, mwandishi na msimamizi wa mfululizo, pamoja na Diego Luna anayemwigiza Cassian, wakapiga hesabu wakaona kazi hiyo itawala miaka mingi mno. Miaka minne iliyobaki ikakunjwa ikaingizwa katika msimu mmoja.

Mkunjo huo ndio unaoamua karibu kila kitu, kizuri na kibaya. Ubishi wa kama msimu huu umeupita wa kwanza hauna jibu moja, kwa sababu mruko wa mwaka mzima unaifaa Dola na unawaumiza waasi. Ofisi hufanya kazi polepole. Ukiichungulia mara moja kwa mwaka unaona vizuri zaidi jiwe limesogea kiasi gani. Watu hupendana, hukosana na kuvunjika moyo kwa siku na kwa usiku, na hizo ndizo zilizokatwa.

Tuanze na sayari ya Ghorman, maana hapo ndipo msimu huu unapofanya jambo ambalo Star Wars haikuwahi kulifanya kwenye skrini. Katika sehemu ya kwanza Orson Krennic, mkuu wa mradi wa Death Star, anaitisha kikao cha siri. Anahitaji kalkiti, madini yaliyo chini sana ardhini Ghorman, kwa ajili ya kupaka lenzi za mtambo wa Death Star. Kiasi kinachotakiwa ni kikubwa, na uchimbaji wake unaweza kuiharibu sayari isikalike tena. Watu wake ni 800,000, wanajulikana kwa hariri ya buibui, wana fedha, wana marafiki Coruscant, makao makuu ya Dola, na wana majivuno. Huwezi kuwahamisha watu wa namna hiyo kwa amri ya asubuhi. Kwa hiyo kikao kinajadili jinsi ya kuwafanya wachukiwe. Wapo pale watu wa propaganda, ambao kazi yao tayari wameianza: kuzoesha galaksi nzima wazo kwamba Waghorman wanajiona. Dedra Meero wa usalama, ISB, anaongeza kipande kilichokosekana. Propaganda peke yake haitoshi, anasema, mnahitaji waasi wa huko huko ambao mnaweza kutegemea kwamba watakosea.

Sasa fuata hatua zake, mwaka kwa mwaka. Mwaka wa nne ni kikao tu, meza na vinywaji. Mwaka wa tatu Syril Karn, mpenzi wa Dedra, amepelekwa Palmo, mji mkuu wa Ghorman, kama mkuu wa ofisi ya viwango, akijifanya mtumishi aliyeudhika ili Ghorman Front, waasi wa huko, wamwamini. Waasi hao wanapewa habari za misafara ya Dola, wanaiba mzigo, wanaamini wamekua. Mwaka wa pili habari za televisheni zinasema magaidi wamejaa Ghorman, vizuizi vimewekwa, mitambo ya kuchimba inateremka, na uwanja wa Palmo unaachwa wazi makusudi ili umma uingie. Wanajeshi wanaopangwa mbele ni vijana wasio na uzoefu. Risasi ya kwanza inapigwa na mdunguaji wa Dola mwenyewe, na inamwua mwanajeshi wa Dola. Baada ya hapo kila kilichoandikwa miaka miwili nyuma kina kisingizio, na droidi za KX, roboti za ulinzi za Dola, zinafunguliwa ziingie kwenye umati.

Jambo hili lingeharibika kabisa kama lingesimuliwa kwa wiki tatu mfululizo. Tungeona njama, tena ya kizembe. Kwa kurukaruka tunaona utaratibu wa kazi: faili linapita mkono hadi mkono, watu wanapandishwa vyeo kwa kulisogeza, na hakuna siku hata moja ambapo mtu analazimika kusema neno mauaji. Syril ni ushahidi. Alikuwa ndani tangu mwaka wa tatu na hakujua anachokijenga. Anagundua siku yenyewe, anamkaba Dedra shingo kwa hasira, anatoka uwanjani amepotea, anamwona Cassian Andor, mtu ambaye Syril ameharibu maisha yake mwenyewe kwa kumwinda tangu msimu wa kwanza, na anamvamia. Cassian anamwuliza yeye ni nani. Hamjui! Mtu aliyetumia miaka kumwinda hakuwahi kuwa na nafasi hata ndogo kichwani mwa aliyewindwa. Sekunde chache baadaye Carro Rylanz, yule mzee wa hariri, anampiga risasi. Sijui kifo kingine katika mfululizo huu wote kilichoandaliwa kwa subira namna hii.

Kuna usahihi pia wa wanaojua vitabu vyao. Mauaji ya Ghorman yalikuwepo katika hadithi za zamani kwa sura nyingine: Tarkin, kamanda wa Dola, alitua chombo chake juu ya waandamanaji. Mfululizo haukufuta hilo. Umelifanya kuwa jeraha la kale, lenye mnara wake katikati ya uwanja, na mhudumu wa hoteli aliyempoteza baba yake siku ile ya Tarkin anamsimulia Cassian. Kwa hiyo watu wa Palmo wanaingia kwenye uwanja ambao tayari ni kaburi. Lugha yao imetungwa kwa ajili ya mfululizo huu, ina milio inayokumbusha Kifaransa, na waigizaji wengi wa Ghorman ni Wafaransa, ndiyo maana hata ubishi wao unasikika kama wa watu waliokua pamoja.

Haya, upande wa pili.

Cinta Kaz na Vel Sartha, waasi wawili wapenzi. Msimu wa kwanza uliwaacha wakiwa wameachana kwa ajili ya kazi, mapenzi yakiwa nyuma ya mapambano. Msimu wa pili unawakutanisha tena sehemu ya sita, mazungumzo mafupi, wanapatana, na muda si muda Cinta amekufa kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya katika wizi wa mzigo Ghorman, kutoka kwa kijana aliyebeba silaha isiyohitajika. Kama wazo, ni zuri: mtu hatari kuliko wote anauawa na uzembe wa mwanagenzi, na Vel anamwambia kijana yule kwamba atalibeba hilo maisha yake yote. Kama tamthilia, hesabu haitoshi. Ulivyotupiliwa mwaka mzima wa utengano wao nje ya skrini, mapatano yale hayakuwa na uzito, na kifo kikaja kabla hatujakumbuka tulichokuwa tunakililia.

Bix Caleen, mpenzi wa Cassian, ameumia zaidi kwa mkunjo huu. Mwaka wa nne yuko Mina-Rau, sayari ya ngano, hana kibali cha kukaa, wakaguzi wa Dola wanashuka na ofisa mmoja anataka kumbaka. Mwaka wa tatu yuko nyumba ya maficho Coruscant, hapati usingizi bila dawa, anaota Dakta Gorst aliyemtesa. Sehemu ya sita inamalizika kwa yeye kumwua Gorst kwa mashine ileile. Mwaka wa pili yuko Yavin, ametulia, ameacha dawa, ni mke wa mtu kwa namna fulani. Amepona vipi? Pazia. Lilishuka akiwa mgonjwa likapanda akiwa mzima. Kisha anaondoka ili Cassian asiyaache mapambano, anamwachia ujumbe wa kurekodi, na picha ya mwisho ya msimu mzima ni yeye shambani Mina-Rau na mtoto mikononi. Adria Arjona anaigiza kila hali kwa ukamilifu, lakini hali tatu hazijawa mtu mmoja bado. Ukilinganisha na msimu wa kwanza, ambapo Ferrix, kwao Cassian, ilipewa muda hata wa kumwonyesha mgonga kengele wa mji, utaona ni nini kimepotea.

Na kosa jingine halihusiani na kukunja. Ni la kugawa vibaya. Sehemu mbili za kwanza zinamfungia Cassian msituni Yavin na kundi la waasi waliompoteza kiongozi, wenye njaa, wanaogombania amri hadi wanaamua kwa mchezo wa vidole. Hoja inaeleweka mara moja: uasi bila chakula, redio na mtu wa kuamua hujila wenyewe. Inarudiwa hata hivyo. Wakati tuna miaka minne tu ya kugawana, dakika zile ni za Bix na Vel zilizoliwa na watu ambao hatuwaoni tena.

Tofauti na hapo, ukimwacha mwandishi aeleze kazi ya mikono, hakuna mfululizo wa anga unaoufikia huu. Angalia ule wizi wa TIE Avenger mwanzoni kabisa. Cassian amejifundisha kuendesha chombo cha majaribio, anaingia kama rubani mwenye haki ya kuingia, anakaa, anasukuma usukani, chombo kinarudi nyuma. Anagusa kitu kingine, mizinga inafyatuka ndani ya banda. Amejifunza mpangilio usio wa chombo hiki. Hana njia ya kuzima na kuanza upya kwa sababu mlango unafungwa, kwa hiyo inambidi ajifunze kila kitufe kwa kukibonyeza, huku kuta zikilipa gharama. Wanaojua mchezo wa kompyuta wa 1994 uitwao TIE Fighter walikitambua chombo hicho mara moja: kina injini ya kuruka kati ya nyota, tofauti na TIE za kawaida ambazo hazina, na hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuiba hiki na si kile.

Au Wilmon, kijana wa Ferrix, kwa Saw Gerrera, kiongozi wa waasi wenye msimamo mkali, mwaka wa tatu. Anamfundisha mtu wa Saw kutumia mashine ya kunyonya raidoniamu, mafuta ya vyombo, kwenye bomba la Dola. Kila mahali pa kuchomea pana vipimo vyake, ukikosea kimoja kituo kizima kinalipuka, kwa hiyo huwezi kukariri ukaenda. Saw anangoja hadi mafunzo yakaribie kuisha, anamwua mwanafunzi kwa usaliti, na Wilmon ndiye anayelazimika kuifanya kazi mwenyewe. Halafu Saw anavuta mvuke wa raidoniamu kama mtu anayevuta hewa ya bahari. Yule Saw wa Rogue One mwenye barakoa ya hewa na kifua kinachokoroma ametokea pale, wala hakuna aliyetuelekeza kwa kidole.

Sehemu ya sita ina kazi ndogo kuliko zote na inayobana roho kuliko zote: kutoa kinasa sauti. Luthen, kiongozi wa siri wa waasi anayejifanya muuza vitu vya kale, alipandikiza kifaa ndani ya kitu cha kale alichomwuzia tajiri Davo Sculdun. Kitu kingine kwenye mkusanyiko huo kimegundulika ni cha bandia, sasa vyote vitakaguliwa. Kleya, msaidizi wake, ana dakika chache, katikati ya sherehe, na Lonni Jung, jasusi wa Luthen ndani ya ISB, amesimama ubavuni akitetemeka. Kifaa kimenasa, hakitoki. Krennic anasogea huku akipiga porojo. Elizabeth Dulau, anayemwigiza Kleya, anafanya yote kwa vidole na uso mtupu. Hakuna bomu, hakuna kukimbizana, na bado ni mapambano makali kuliko nusu ya vita vya vyombo katika filamu za Star Wars.

Dedra anaangushwa kwa njia hiyohiyo ya makaratasi iliyompandisha, na hapa naona ustadi mkubwa wa uandishi. Kwa muda mrefu amekuwa akiletewa kimakosa nyaraka za mradi wa Krennic. Utaratibu unataka azirudishe. Yeye anaziweka, kwa sababu tabia yake tangu msimu wa kwanza ni kuchungulia sekta za wengine, na tabia hiyo ndiyo iliyomfanya awe hodari. Lonni anaingia kwenye mafaili yake, anasoma, na siri ya Death Star inatoka ISB kupitia droo ya ofisa mwaminifu kuliko wote. Kisha anafanya kosa la pili: anakwenda dukani kwa Luthen karibu peke yake ili sifa ziwe zake. Luthen anajichoma kisu. Dedra anahangaika kumwokoa, kwani maiti haihojiwi, na Kleya anaingia hospitalini akiwa amevaa kama muuguzi na kuzima mashine inayompumulisha mtu aliyemlea. Dedra anaishia gerezani, pekupeku, katika sare nyeupe ya wafungwa kama wale wa Narkina 5, gereza la msimu wa kwanza.

Hotuba ya seneta Mon Mothma sehemu ya tisa imesifiwa vya kutosha, na Dan Gilroy alipata Emmy ya uandishi kwa sehemu hiyo mwaka 2025. Nitaongeza jambo moja tu. Nguvu yake haiko kwenye neno mauaji ya kimbari alilolitamka Seneti, iko kwenye njia ya kufika kwenye kipaza sauti: seneta mwenzake Bail Organa anatafuta kanuni ya kikao itakayompa nafasi, na baada ya hapo hakuna kanuni itakayomtoa mlangoni, ila Cassian na bastola. Wanaokumbuka katuni ya Rebels watauliza mbona kule anasindikizwa na Gold, kikosi cha vyombo vya waasi. Nafasi ya kikosi hicho imeachwa: kinampokea kwa hatua inayofuata ya safari. Jina la aliyemtoa Coruscant ndilo linalopotea.

Kwa macho, kazi ya Luke Hull, mbunifu wa mandhari, bado haina mpinzani. Seneti imepigwa picha kwenye majengo meupe ya Valencia, Hispania, na harusi ya binti wa Mon kwao Chandrila ilipata milima ya Montserrat, na unaona jinsi upepo halisi unavyozipeperusha nguo. Muziki umepungua kidogo. Nicholas Britell aliyetunga msimu wa kwanza alimwachia Brandon Roberts sehemu kubwa ya kazi, na hakuna mahali panapofikia ule mwendo wa bendi ya msiba wa Maarva, mama mlezi wa Cassian. Isipokuwa ngoma ya harusi, pale Mon anapocheza kama mtu aliyekunywa sumu, akijua kwamba rafiki yake Tay Kolma anapelekwa kuuawa saa hiyohiyo.

Namna ya kuutazama: usitazame sehemu moja moja. Zimeandikwa tatu tatu, mwandishi mmoja kwa kila tatu, na ukikatisha baada ya ya kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Tenga kati ya saa mbili na tatu, maliza mwaka mmoja, pumzika siku moja, rudi. Pumziko lile linafanya kazi ya pazia. Kabla ya kuanza, rudia walau sehemu tatu za mwisho za msimu wa kwanza, hasa picha inayokuja baada ya majina ya sehemu ya 12, ile inayoonyesha vipuri vilivyoundwa na wafungwa wa Narkina 5 vinakopachikwa. Bila hiyo kalkiti itakuwa jina la madini tu.

Na ukimaliza, washa Rogue One usiku uleule, dakika 133. Tazama dakika za Cassian pale Kafrene. Mtoa habari Tivik anamletea fununu ya silaha kubwa, mkono wake ni mbovu, hawezi kupanda ukuta, na Cassian anampiga risasi mgongoni. Mwaka 2016 tuliiona kama alama ya mtu mkatili. Sasa tumekwisha kuiona mara moja: Lonni ameketi kwenye benchi Coruscant, amemaliza kumwambia Luthen kila alichosoma, anaomba familia yake ifichwe, na kamera inaporudi kwake hapumui. Habari moja, siku chache kati yao, na aliyeileta anakufa mikononi mwa aliyeipokea, mara zote mbili.